Sentimita Tisa Kabla ya Ziwa: Mpanda na Katavi Katika Ramani

Abiria anayeshuka treni Mpanda hana haja ya kuuliza kituo kinachofuata ni kipi, kwa kuwa hakuna. Reli iliyotoka Kaliua, ikavuka mto Ugalla na kupenya kilomita 210 za miombo, inakomea hapa. Kwenye ramani ya Tanzania mstari huo mweusi unachomoka kwenye Reli ya Kati na kushuka kusini ukielemea magharibi, kama mnyama anayefuata maji. Halafu unanyamaza. Kutoka ulipokoma hadi Karema, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, hazifiki kilomita 90 kwa mstari ulionyooka. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:1,000,000 hizo ni sentimita tisa, upana wa kiganja cha mtu mzima.

Ng'ambo ya ziwa hilohilo, katikati ya karne ya 20, kulikuwa na mji wa viwanda: Albertville, ambao leo ni Kalemie. Ulikuwa na bandari, karakana za reli, kiwanda kikubwa cha nguo cha Filtisaf, na migodi ya makaa ya mawe jirani. Kwenye Ziwa Victoria, Jinja ilikuwa ikipata bwawa la umeme na viwanda vyake. Katavi, mkoa wa leo wenye Mpanda, nayo ilikuwa na ziwa, madini na hatimaye reli, lakini vitu hivyo vitatu havikukutana mahali pamoja. Sababu yake inaonekana tukizipanga ramani za nchi hii kwa mfuatano wa miaka, na kuuliza kila moja ilichorwa kwa haja ya nani.

Ziwa lililochorwa kwa masikio

Ramani ya kwanza ya bara hili iliyotikisa Ulaya ilichorwa na watu ambao hawakuwa wameliona ziwa lenyewe. Wamisionari Erhardt na Rebmann, waliokuwa pwani ya Kenya na Tanga, waliwahoji wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi waliokuwa wakirudi kutoka bara. Msafiri wa njia ya kusini alisema safari yake iliishia kwenye maji makubwa, na wa njia ya kati akasema hivyohivyo, na wa kaskazini pia. Wamisionari wakaunganisha maelezo yote wakapata ziwa moja kubwa mno, lililojikunja kama konokono asiye na gamba. Ramani hiyo ilichapishwa 1856. Mabwana wa jiografia wa London waliicheka, ila waliipanga safari ya Burton na Speke kwa kuifuata, na Februari 1858 wawili hao wakafika Ujiji.

Wenye misafara hawakuwa wamekosea. Kila mmoja alieleza kwa usahihi mahali njia yake ilipokoma. Kosa lilikuwa la kuchukua miisho mitatu na kuifanya mmoja. Tangu siku hiyo, eneo tunaloliita Katavi likawa sehemu ya ramani inayopitwa: Ukonongo, Ukawendi na Mpimbwe yalikuwa majina ya kuvukwa kati ya Tabora na ziwa.

Hata Stanley alilipita kwa kulazimika. Mwaka 1871, akimtafuta Livingstone, alikuta njia ya kawaida ya Tabora kwenda Ujiji imefungwa na vita vya mtemi Mirambo. Akazunguka kusini kupitia Ukonongo na Ukawendi, na vijiji alivyolala vikaingia kwenye ramani yake. Vingi viliitwa kwa majina ya watemi wake, na mtemi akifa au akihama, jina huondoka naye. Msafiri wa miaka 10 baadaye, mwenye ramani hiyo mkononi, angefika mahali palipoandikwa kijiji akakuta mahame na mashina ya mihogo. Mwaka 1872 Livingstone naye alipita Ukonongo katika safari yake ya mwisho, akaambaa na ufuo wa ziwa kuelekea kusini. Kwake pia hapa palikuwa njiani tu.

Nukta ya Karema, na maji yaliyokimbia

Aliyekuja akiwa na nia ya kubaki alikuwa Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji. Mwaka 1876 Mfalme Leopold II aliita mkutano wa wanajiografia Brussels, ukazaa chama cha kimataifa kilichokusudia kupanga vituo kutoka pwani ya Zanzibar hadi moyoni mwa Afrika. Kwenye karatasi mpango huo ulikuwa mlolongo wa nukta. Mwaka 1879 Cambier aliitia moja kwenye kilima cha Karema, kando ya maji, na ngome ikapewa jina la mfalme.

Mwaka huohuo wakubwa wa chama walijaribu kuitatua shida ya wapagazi kwa njia ambayo hata leo ukisimuliwa unatabasamu. Tembo 4 waliofunzwa kazi walisafirishwa kutoka India na kushushwa Msasani, wakaanza kutembea kuelekea bara. Watatu walifia njiani. Mmoja alifika Karema Desemba 1879, katika nchi ambayo tembo wake wenyewe walikuwa wakitembea kwa makundi bila kumbebea mtu mzigo. Carter, aliyeusimamia msafara huo, na mwenzake Cadenhead waliuawa Mpimbwe mwaka uliofuata, katikati ya vita vya Mirambo na washirika wake. Nukta ya Brussels ilikuwa imetiwa juu ya ramani nyingine ambayo Wazungu hawakuisoma: ramani ya watemi, ushuru wa njia na urafiki wa vita.

Kisha maji yenyewe yakaikana nukta. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo. Kwa muda mrefu mlango huo ulikuwa umezibwa na tope na magugu, kiasi kwamba wasafiri walibishana kama maji yanatoka au hayatoki. Msafiri Cameron aliuona 1874, Stanley akaukagua 1876. Karibu na 1878 kizuizi kikapasuka. Katika miaka kama 15 iliyofuata ziwa lilishuka kwa takribani mita 10. Karema, iliyojengwa ili mashua zifike mlangoni, ikaachwa nchi kavu, na kati ya ngome na ufuo kukatokea uwanda wa udongo mpya. Ramani iliyochorwa kwa uaminifu 1879 ilikuwa ya uongo kabla ya 1890, ingawa mchoraji wake hakuwa amekosea.

Nchi inapewa mwenye nyumba mwingine

Mwaka 1885 ziwa likageuzwa mpaka. Mstari ukapitishwa katikati ya maji: magharibi kwa Leopold, mashariki hatimaye kwa Wajerumani. Karema na kituo chake pacha cha Mpala, ng'ambo, vikawa nchi mbili, na mwaka huohuo vyote viwili vikakabidhiwa kwa mapadri Wamisionari wa Afrika, wale White Fathers wa Kardinali Lavigerie. Ngome ya mfalme ikawa misheni.

Hapo ndipo Karema ilipopata watu wa kudumu. Mmojawao, Adrien Atiman, anastahili kuwekwa kwenye ramani yoyote ya Katavi. Alizaliwa Afrika Magharibi, upande wa Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa uganga Malta. Alifika Karema 1889 na kutibu watu hapo kwa miaka 67, hadi alipofariki 1956. Alipofika, njia ya kwenda pwani ilikuwa mguu wa mpagazi. Alipofariki, treni ilikuwa imekwishafika Mpanda kwa miaka 6, lakini mgonjwa wa Karema bado alikuwa mbali nayo kwa siku kadhaa za kutembea.

Wajerumani walikuja na kalamu kali zaidi. Ramani yao kuu ya koloni, ya kipimo cha 1:300,000, ilichapishwa Berlin karatasi baada ya karatasi, kwanza chini ya Kiepert, kisha Moisel na Sprigade. Ofisa au padri aliyesafiri alishika dira na saa, akaandika mwelekeo na dakika alizotembea, na daftari lake likapelekwa Berlin kugeuzwa mchoro. Kwa hiyo ramani hizo ni nyuzi nyembamba za njia zenye maelezo mengi kandokando, mto huu, kilima kile, maji mabaya, pori, na kati ya uzi na uzi weupe mtupu. Weupe huo ulimaanisha kwamba Mjerumani hakupita hapo. Kuhusu watu kuwapo au kutokuwapo, haukuwa na la kusema.

Mstari mzito kuliko yote wa Kijerumani ulipita mbali. Februari 1914 Reli ya Kati ilifika Kigoma, na mwaka uliofuata meli Graf von Götzen, iliyosafirishwa kwa vipande kutoka Papenburg, ikashushwa majini hapohapo. Ndiyo MV Liemba ya leo. Mwaka 1915 Wabelgiji nao wakaikamilisha reli ya upande wao hadi Albertville. Baada ya vita, Ubelgiji ikapewa sehemu zake za bandari Kigoma na Dar es Salaam, maarufu kama Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Shaba na bidhaa za Kongo zikapata mlango. Kigoma ikawa bandari na Karema ikabaki kituo cha meli kutia nanga na kuondoka. Penye miti, walisema wahenga, hapana wajenzi.

Nguzo na ndorobo

Waingereza walirithi ramani za Kijerumani na weupe wake. Kabla ya kuujaza walihitaji vipimo vya kutegemewa, na bahati ikaipendelea magharibi ya Tanganyika. Mwanaastronomia David Gill wa Cape alikuwa amependekeza tangu karne ya 19 mnyororo wa pembetatu kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, kando ya longitudo ya 30. Mnyororo huo ulipita magharibi mwa Tanganyika, na kati ya 1931 na 1933 Martin Hotine aliupima. Vikosi vyake vilipanda vilele, vikajenga nguzo na kupimana kwa taa za usiku. Pengo la mwisho, Sudan, lilizibwa 1954. Hata sasa mpimaji wa ardhi Tanzania anayefungua ramani za zamani hukutana na maneno Arc 1960, jina la mfumo wa vipimo uliotokana na mnyororo huo.

Wakati Hotine anahesabu pembe, mkono mwingine wa serikali ulikuwa ukifuta vijiji. Malale yalikuwa yameenea kwenye miombo ya magharibi, na dawa ya serikali ilikuwa kuwahamisha watu kutoka kwenye pori lenye ndorobo na kuwakusanya kwenye makazi makubwa yaliyofyekwa. Wakonongo na jirani zao walisombwa kutoka kwenye mito na malambo waliyokuwa wameyapa majina kwa vizazi. Wafyekaji walipoondoka, mti uliota tena, wanyama wakarudi na mbung'o wao. Wachoraji wa baadaye walipofika waliandika pori, na walikuwa sahihi. Hawakuandika kwamba pori hilo lilikuwa na umri mdogo kuliko baadhi ya wazee waliokuwa wakiishi pembeni mwake. Sehemu ya nyika hizo za kusini mwa Mpanda ndiyo leo Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa 1974 na kupanuliwa 1998 hadi kilomita za mraba 4,471. Jina lake ni la Katabi, mzimu wa mwindaji ambaye wenyeji huutambikia kwenye mkwaju. Ni miongoni mwa majina machache makubwa ya ramani hii yaliyotoka chini kwenda juu.

Ramani ya risasi

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na madeni na njaa ya malighafi. Mwaka 1946 ikaanzisha idara ya kupima makoloni kwa picha za anga, chini ya Hotine yuleyule wa nguzo, na ndege za kikosi cha 82 cha jeshi la anga la Uingereza zikaanza kuipiga picha Afrika Mashariki kwa mistari iliyonyooka, huku na huko, kama jembe la ng'ombe shambani. Picha hizo zilizaa ramani za 1:50,000, ambazo sentimita 2 ni kilomita 1. Kwa mara ya kwanza weupe ulijazwa na mtu asiyetembea.

Chini ya ardhi kulikuwa na wachoraji wengine, wanajiolojia wa Dodoma. Miamba ya kale ya ukanda huu, yenye umri wa karibu miaka bilioni 2, waliipa jina la Ubende, nchi ya Wabende, ambako mji wa Mpanda umesimama. Mwanafunzi wa jiolojia wa Canada au China leo hujifunza habari za ukanda wa Ubendian bila kujua kwamba anataja kabila la watu.

Ndani ya miamba hiyo mlikuwa na risasi, pamoja na shaba, fedha na dhahabu. Katika miaka hiyohiyo ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga, uliofyeka Urambo karibu na Kaliua, kampuni ya Uruwira Minerals ilijenga mgodi Mpanda na serikali ikajenga reli ya kuufikia. Reli ilifunguliwa 1950. Hapa tunaipata sababu ya zile sentimita tisa. Reli haikukomea Mpanda kwa kuishiwa fedha, mataruma au nguvu za watu. Ilikomea Mpanda kwa sababu risasi ilikuwa Mpanda. Haikuwa njia ya ziwani iliyokatishwa. Ilikuwa bomba la mgodi, na bomba huishia penye kisima.

Linganisha na Uganda. Shaba ya Kilembe ilipofunguliwa, reli ilifikishwa Kasese 1956, na madini yakapelekwa Jinja, kando ya Ziwa Victoria, kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Mgodi mmoja ukasaidia kuzaa mji wa viwanda kando ya maji. Risasi ya Mpanda ilisagwa, ikachujwa, ikapakiwa kwenye mabehewa na kuelekea Dar es Salaam na ng'ambo bila kuyeyushwa nchini. Thamani ilipanda treni ikiwa bado unga.

Hata hivyo mji ulizaliwa, na ramani yake inaweza kusomwa leo bila kufungua kabati la nyaraka, kwa kuwa imeandikwa kwenye majina ya kata. Kuna kata inaitwa Mpanda Hotel. Kuna kata inaitwa Uwanja wa Ndege. Ni majina ya mtu anayefika kutoka mbali na kuuliza nitatua wapi, nitalala wapi. Kuna Majengo, jina ambalo kutoka Nairobi hadi Moshi, Dodoma na Sumbawanga limekuwa la mtaa wa Waafrika katika mji uliopangwa na wengine. Kuna Makanyagio pia. Halafu kuna Kashaulili, Nsemulwa, Misunkumilo na Kawajense. Majina haya manne hayakuletwa na treni, na ndani yake wazee husikia lugha zilizokuwapo kabla ya tuta la reli. Ukizisoma kata hizo kwa sauti, moja baada ya nyingine, umeusikia mji wa miaka ya 1950 ukigombana na nchi iliyouzaa.

Mgodi haukudumu. Bei ya risasi duniani ilipanda kwa vita vya Korea, ikaporomoka kabla muongo haujaisha, na kufikia 1960 uzalishaji mkubwa wa Mpanda ulikuwa umekoma. Mwaka mmoja kabla ya uhuru, mji uliochorwa kwa ajili ya mgodi ukabaki bila mgodi.

Mstari uliobadilisha kazi

Kwa kawaida ya miji ya migodi, hapo ndipo hadithi huisha: mabati yanang'olewa, popo wanahamia. Mpanda haikufa, na iliyoiokoa ni reli. Bomba lilianza kupitisha mahindi, mpunga, tumbaku, asali, magogo na watu. Wageni waliofuata walikuja kwa njia hiyohiyo. Waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972 walipewa Katumba, kando ya reli, kuanzia 1973, na Mishamo kuanzia 1978. Mishamo ilichorwa kwanza na kukaliwa baadaye: vijiji 16 vilivyopimwa kwa rula kwenye karatasi ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Mwaka 2010 zaidi ya wakimbizi 160,000 wa 1972, wakiwamo wa makazi haya mawili na ya Ulyankulu, walikubaliwa uraia. Kijiji cha mstari wa rula kikawa kwao.

Mipaka ya utawala nayo ilihamahama. Mpanda ilikuwa ya Jimbo la Magharibi, makao Tabora, kisha ya Mkoa wa Tabora. Mwaka 1974 ikaunganishwa na Sumbawanga kuwa Mkoa wa Rukwa. Machi 2012 Mkoa wa Katavi ukatangazwa, pamoja na Geita, Simiyu na Njombe, na Mpanda ikawa makao makuu. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Ile ya 2022 ikahesabu 1,152,958, kasi ya ongezeko iliyo kubwa kuliko ya mkoa mwingine wowote nchini. Mkoa ambao kwenye ramani za karne nzima ulisomeka pori ndio unaojaa haraka kuliko yote.

Na ziwa limerudi kwenye mazungumzo. Mwaka 2022 Karema ilipata bandari mpya, iliyogharimu takribani Sh bilioni 48, ikielekezwa Kalemie, ule mji wa viwanda wa ng'ambo. Mipango ya reli ya kisasa inataja Kaliua, Mpanda na Karema kwa pumzi moja. Wenye kupima wanalo la kukumbuka: maji ambayo baada ya 1878 yalikimbia kilima cha Cambier, miaka ya karibuni yamepanda na kufurika miji ya ufukweni, Kalemie na Bujumbura zikiwamo. Ufuo wa Karema si mstari wa kuamini kwa karatasi moja. Unatakiwa usomwe kwa karatasi zote, ile ya 1879 ikiwamo.

Atakayeujaza ule upana wa kiganja atakuwa wa kwanza, katika kipindi cha zaidi ya miaka 160, kuchora mstari wa Katavi unaokusudia kufika Katavi na kuvuka. Wafanyabiashara walipita, Brussels ilitia nukta, Berlin ilifuata njia za wasafiri wake, London ilifuata risasi. Ramani mpya itapimwa kwa swali lilelile tulilowauliza wote hao, na safari hii waliopo kujibu ni zaidi ya milioni moja: behewa likitoka Karema, litakuwa limebeba nini cha mtu wa Makanyagio?